Sufuria Chini ya Kanzu

Mtoto wa miaka 13 akiambiwa kwamba mchezo huu ni wa kuchekesha, wa kwanza kucheka ni yeye mwenyewe. Anaingia jukwaani uso keshaukunja, sauti kaipandisha hadi puani, anayumbayumba, anaanguka pasipo na sababu ya kuanguka, kisha anawatupia jicho wenzake walioketi juu ya madawati aone kama wamecheka. Wenzake wanacheka kweli, maana ni rafiki yao. Mwalimu anayeongoza mchezo hacheki, wala hagombi. Anamwita karibu na kumuuliza, "Huyu mzee unayemwigiza anataka nini?"

"Anataka kuchekesha watu, mwalimu."

"La. Anayetaka kuchekesha watu ni wewe. Mzee anataka nini?"

Kwangu mimi, kazi yote ya kuongoza vichekesho kwa watoto wa umri huu imo ndani ya swali hilo, na ndani ya subira ya kuliuliza upya kila jioni kama kwamba halijawahi kuulizwa.

Nimekuwa nikifuatilia mazoezi ya mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya umma kaunti ya Kilifi. Anafundisha Sekondari Msingi, ngazi iliyoanza nchini Kenya Januari 2023 pale wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 walipoingia, na serikali ikaamua wabaki katika viwanja vilevile vya shule za msingi. Kwa mtu wa drama uamuzi huo una uzito wake. Ukumbi hakuna. Jukwaa ni darasa ambalo madawati yamesukumwa ukutani, au kivuli cha mwembe jua likiwa kali. Wavulana wanaoanza kuota ndevu wanatumia uwanja mmoja na watoto wa chekechea. Mwalimu huyu hajawahi kunilalamikia jambo hilo, na baadaye nitaeleza jinsi alivyoligeuza likawa nyenzo.

Muda pia ni mfupi. Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu, ambalo lilianza mwaka 1959, hufikia kilele chake baada ya muhula wa kwanza, kwa kawaida mwezi Aprili. Kabla ya hapo mchezo lazima upite ngazi ya eneo, kaunti ndogo, kaunti, na kanda. Kwa hiyo shule zikifunguliwa Januari, mwalimu ana majuma machache tu ya jioni, kuanzia vipindi vinapokwisha hadi watoto wanapohitaji kushika njia ya nyumbani kabla giza halijaingia.

Mchezo wenyewe kauandika yeye. Ni habari ya posa. Nyumba moja inawangoja wageni watakaokuja kumposa binti. Pilau imepikwa, imefunikwa, na mama kaapa kwamba hakuna mtu atakayeigusa kabla wageni hawajafika. Mzee wa nyumba ana njaa. Ananyemelea jikoni, anachota pilau kwenye sufuria ndogo, anaketi kigodani sebuleni, na kabla hajatia tonge mdomoni, mlangoni panapigwa hodi. Wageni wamewahi. Mzee hana pa kuificha sufuria isipokuwa chini ya kanzu yake, katikati ya miguu. Kuanzia hapo hawezi kusimama.

Wiki za mwanzo sufuria ilikuwa tupu. Mvulana aliyepewa nafasi ya mzee aliikalia kwa mbwembwe, akatoa macho, akatikisa mabega, akajipangusa jasho ambalo halikuwepo. Jioni moja mwalimu alichukua ile sufuria, akaijaza maji hadi karibu na ukingo, akaifunika kwa kifuniko chake kilicholegea, akamrudishia. "Usimwage," akamwambia. Hakuongeza neno.

Nilikuwa nimeketi karibu na dirisha, nikaona kila kitu. Mabega ya yule mvulana yalitulia. Magoti yaliachana kidogo na kubaki hapohapo. Mshenga alipoingia na kumnyoshea mkono, mvulana aliutazama ule mkono, akautazama mlango, akautazama tena mkono, halafu taratibu kabisa akanyosha ncha za vidole vyake bila kiuno kusogea hata kidogo. Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Yeye akageuka kwa mshangao.

"Sijafanya kitu, mwalimu."

"Ndiyo. Na kesho pia usifanye kitu."

Siku ile nilielewa jambo ambalo nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kuliona. Mtu hachekeshi kwa sababu anachekesha. Anachekesha kwa sababu anataka kitu kwa dhati, na kitu hicho kimezibwa njia mbele ya macho yetu. Tamthilia nzuri za vichekesho za Kiswahili zote zimesimama hapo. Katika Aliyeonja Pepo ya Farouk Topan, iliyochapishwa 1973, roho ya mtu inachukuliwa kimakosa na kupelekwa mbinguni, na kosa lenyewe ni la kiofisi. Wanaoshughulikia suala hilo hawaoni kichekesho chochote mbele yao. Wana kazi imeharibika na wanataka kuitengeneza. Mwigizaji anayewapa wale wahusika tabasamu la kujua kwamba mambo yanachekesha ameshauua mchezo.

Mtu mzima unaweza kumweleza hayo akakuelewa. Mtoto wa Gredi ya 8 ukimweleza atatikisa kichwa, aseme "sawa mwalimu," kisha arudi kwenye kigoda na kutoa macho vilevile. Ndiyo maana nayathamini sana yale maji. Mwalimu hakumpa mtoto nadharia, aliupa mwili wake shida ya kweli. Na maji hayakuondolewa hata siku ya mashindano.

Kuna jambo jingine katika tukio lile ambalo mtu wa Pwani atalitambua upesi. Salamu zetu hazina haraka. Mgeni akiingia ataulizwa hali, ataulizwa watoto, ataulizwa wazee aliowaacha nyumbani, naye atauliza vilevile. Mwalimu alizitumia salamu hizo kama ngazi. Mgeni wa kwanza, mshenga, anaridhika na ncha za vidole. Wa pili, baba mdogo wa bwana harusi, anasema yeye na mzee ni watu wa rika moja, haifai wasikumbatiane. Wa tatu, shangazi, anapendekeza kabla ya lolote wote wasimame waombe dua. Hadhira inaijua sufuria, na kila heshima anayopewa mzee inamwongezea hatari.

Watoto walitaka ngazi ya nne. Walipendekeza aingie mbwa wa jirani, aliyenusa pilau, azunguke kanzu. Walilipenda sana wazo lao, na mwalimu aliwaruhusu walijaribu. Mmoja alipiga magoti akawa mbwa, na kicheko kilikuwa kikubwa. Kisha mwalimu akawauliza walioketi: shangazi alisema nini? Hakuna aliyekumbuka. Mbwa alikuwa ameimeza dua, na dua ndiyo iliyokuwa kilele. Watoto wenyewe walimtoa mbwa. Waongozaji wengi ninaowajua wangemkataa mbwa tangu mwanzo ili kuokoa muda, nao wasingekuwa na kosa. Lakini watoto hawa sasa wanajua kwa nini hatua tatu zinatosha, na walipokuwa wakitengeneza onyesho la mwisho nilisikia msichana mmoja akimwambia mwenzake, "Hiyo ni mbwa." Mwenzake akaacha.

Tabu kubwa zaidi ya umri huu ni haraka. Mtoto akiwa na woga husema maneno yake mbio ili ayamalize. Hadhira ikicheka, yeye anaendelea kusema ndani ya kicheko, na maneno matatu yanayofuata yanapotea. Ukimwambia angoje, atangoja hadi kicheko kife kabisa, mchezo upoe, ikawa ni kama kuanza upya. Ule mpenyo uliopo kati ya mapema mno na kuchelewa mno ndio watu wa kazi hii wanaoutafuta maisha yao yote.

Mwalimu aliufundisha kwa kamba ya katani. Wawili waliizungusha, wengine wakajipanga mstari, na kila mmoja alitakiwa aingie ndani ya kamba huku akisema sentensi yake ya kwanza katika mchezo. Watoto wa Kenya hawahitaji kufundishwa kuruka kamba. Wanajua kwamba ukiingia mapema itakuchapa, ukichelewa umeipoteza zamu, na kwamba macho hutazama kamba ikianza kushuka. Waliporudi mchezoni aliwaambia kicheko nacho kinazunguka: kinapanda, kinafika juu, kinaanza kushuka, na mlango uko pale kinapoanza kushuka. Tangu siku hiyo neno lililotumika mazoezini lilikuwa moja tu. Mtoto akikimbilia sentensi, mmoja wa wenzake alisema "kamba," na yule akaelewa.

Akawakumbusha pia kwamba anayengoja kicheko kishuke hajapewa likizo. Mzee anaendelea kuogopa maji. Shangazi anaendelea kungoja jibu. Ukisimama kama mtu aliyezima taa, hadhira inaona kwamba unangoja makofi yako.

Na vipi mtoto mwenyewe akishikwa na kicheko jukwaani? Hilo hutokea, na likimshika mmoja linawashika wote. Nimeona walimu wakimfokea mtoto wa namna hiyo hadi akalia, na kesho yake alicheka tena, safari hii kwa hofu. Mwalimu huyu anawafundisha kutazama kipaji cha uso cha mwenzao badala ya macho. Walioketi chini hawaoni tofauti. Ni mbinu ndogo, ya zamani, nayo inafanya kazi.

Wiki ya tatu au ya nne huja siku ambayo kila mwongozaji wa vichekesho anaijua. Hakuna anayecheka tena. Kikundi kimeisikia dua ya shangazi mara nyingi mno, sufuria imezoeleka, na watoto wanaanza kuamini kwamba mchezo wao haufurahishi. Hapo ndipo wanapoanza kuongeza chumvi. Mmoja anaingiza neno la Sheng alilolisikia kwenye matatu, mwingine anaanza kuchechemea. Kila mmoja anakiokoa kipande chake, na mchezo mzima unavunjika. Mwongozaji asipokuwa imara naye ataingia shaka, maana hata yeye hacheki.

Ule uwanja wa pamoja ulimsaidia mwalimu hapo. Aliomba Gredi ya 3 iletwe chini ya mwembe kabla ya kengele ya kwenda nyumbani. Wale wadogo hawakuujua mchezo. Sufuria ilipoingia chini ya kanzu walipiga kelele kabla neno lolote halijasemwa. Mshenga alipokuja kunyosha mkono, mtoto mmoja wa mbele alisimama akamwonya mzee asiinuke. Nikawatazama waigizaji, na usoni mwao niliona imani yao ikirudi: mzaha haukuwa umechakaa, ni wao tu waliokuwa wamekaa nao sana. Mwalimu kwa upande wake hakuwa akiutazama mchezo hata kidogo. Alikuwa akiwatazama wale wadogo, penseli mkononi, na kila walipoanza kuchezea mchanga au kugeuka kuangalia barabara alitia alama kwenye hati yake. Jioni hiyo alifuta karibu nusu ya maneno ya baba mdogo, maana mtoto wa miaka 8 hukuonyesha bila kukuficha mahali ambapo maneno yameuzidi mchezo.

Wazee wa jukwaani hawa ni watoto, na kila mtoto anadhani anajua mzee yukoje: ndevu za pamba, mgongo uliopinda, bakora inayotetemeka, sauti ya kukwaruza. Mwalimu aliichukua bakora akaiweka kando, akawatuma wakawatazame wazee wa kweli wanakoishi. Walirudi na habari. Mmoja alisema babu yake hatetemeki, ila hainuki mara moja: kwanza anaweka viganja magotini, kisha anavuta pumzi, kisha kiuno ndicho kinachotangulia. Msichana mmoja alisema bibi yake huanza kujibu kabla swali halijaisha, kwa hiyo hujibu swali jingine kabisa, na hajali. Kile kiuno kilichotangulia kikawa mwendo wa mzee kila alipojaribu kusimama na kushindwa. Yale majibu ya bibi yakawa ya shangazi, na yaliwafanya watu wamcheke kwa kumpenda. Umbali uliopo kati ya ndevu za pamba na viganja magotini ni mkubwa, na mtoto hawezi kuuvuka bila mtu wa kumtuma akatazame.

Jambo moja mwalimu hana mjadala nalo, nami namuunga mkono kwa moyo wote. Katika michezo yake hakuna kuigiza lafudhi ya kabila la mtu. Ni jambo gumu kulikataa Kenya, kwa kuwa vichekesho vyetu vya redio na televisheni vilikulia humo. Benson Wanjau, ambaye taifa zima lilimjua kwa jina la Mzee Ojwang' katika kipindi cha televisheni cha Vitimbi hadi alipofariki mwaka 2015, alizungumza kwa lafudhi ya Kiluo ilhali yeye si Mluo, na Waluo wenyewe walimpenda. Lakini Wanjau alikuwa msanii aliyekomaa, mwenye sikio la ajabu na miaka mingi nyuma yake. Mtoto wa Gredi ya 7 hana miaka hiyo. Anachukua herufi moja mwenzake anayoteleza nayo, anaipigia kelele jukwaani, ukumbi unacheka, na yule mwenzake ataitwa kwa herufi hiyo uwanjani hadi mwaka uishe. Kicheko cha bei hiyo ni ghali mno. Hali ni hiyohiyo kwa unene, kwa kuchechemea, kwa kigugumizi. Ukiziba milango hiyo yote, watoto hulazimika kutafuta kichekesho ndani ya hali yenyewe, na huko ndiko kilipo.

Mwili wa mtoto wa umri huu una mambo yake pia. Mvulana aliyekuwa mshenga alianza muhula na sauti moja na akaufikia mwezi wa Februari na mbili, nazo zikawa zinabadilishana zamu katikati ya sentensi. Wenzake walicheka, naye akaomba atolewe. Mwalimu hakumtoa. Alizikata sentensi zake ndefu zikawa fupi, akamzoeza aanze kila moja chini, kwa pumzi tulivu, asiilazimishe sauti kupanda. Mshenga akageuka mtu wa maneno machache na mazito, na nafasi ile ikapata heshima ambayo haikuwemo katika hati. Mume na mke nao hawakuweza kusimama karibu bila darasa kupiga mayowe. Akawapa ndoo. Mama anataka maji yaende jikoni, mzee anataka kunawa mikono, wote wawili wameshika mpini mmoja. Macho ya watoto yalihamia kwenye ndoo, haya ikasahaulika, na ugomvi wa wanandoa wa miaka 30 ukaonekana dhahiri mbele yetu.

Mchezo ukishaanza kusafiri, unajifunza upya. Kanda ya Pwani ina kaunti sita, kutoka Lamu hadi Taita Taveta, na utani wa mtaa hauvuki mipaka kwa urahisi. Sentensi iliyotaja soko moja la Malindi iliangusha watu nyumbani, na huko mbele ukumbi haukushtuka hata kidogo. Mwalimu aliiondoa usiku uleule bila masikitiko. Sufuria haikuhitaji kuguswa, kwa sababu njaa ya mtu mbele ya pilau inaeleweka kokote, na heshima ya mgeni vilevile. Kumbi zenyewe ni kubwa, paa ni la mabati, na mamia ya wanafunzi wa shule nyingine wanangoja zamu zao. Mtoto aliyezoea mwembe husikia kicheko cha ukumbi wa namna hiyo kama kishindo. Nilimwona yule mvulana wa kanzu kikimfikia kwa mara ya kwanza. Magoti hayakusogea. Alikitazama kikipanda, akangoja, na kilipoanza kushuka akamjibu baba mdogo kwa sauti ya kawaida kabisa, na ukumbi ukaanza tena.

Ubaya wa kazi hii, ikiwa ni ubaya, ni kwamba wanaoijua huondoka. Gredi ya 9 ya kwanza ilimaliza mwaka 2025 ikaenda sekondari ya juu, na kila Januari kikundi kinapoteza waliokwisha kuelewa na kupokea wanaoanza kucheka wenyewe. Mwalimu huanza upya, na huanza kwa kuchagua. Hawaambii watoto waonyeshe kichekesho. Wale machachari wa darasa, wanaojulikana kwa vituko, hupata nafasi, ila mara nyingi si ile kubwa, kwa kuwa wamezoea kukusanya kicheko kwa ajili yao na wanachelewa kumsikiliza mwenzao. Yeye humtaka kila mmoja asimame mbele asimulie jambo lililomkasirisha nyumbani.

Mwaka huu alisimama msichana mdogo wa Gredi ya 7 akaeleza habari ya mahamri mawili aliyoyaweka kabatini jioni, juu ya sahani ya bluu, yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa. Asubuhi alikuta sahani na kitambaa. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana ilionyesha kwamba kaka yake hakuwa na haraka. Alitaja mashahidi. Alionyesha kwa vidole ukubwa wa kila andazi. Darasa lilikuwa limelala juu ya madawati kwa kucheka, na kadiri walivyocheka ndivyo alivyozidi kukasirika, hadi akaacha kusimulia, akawageukia, mikono kiunoni: "Mnacheka nini? Yalikuwa yangu!"

Mwalimu aliandika jina lake juu kabisa ya orodha.